Plasta ya Kupiga Goti

Mochama Obare alitumbukia kwenye mtaro wa serikali siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua limetoka vizuri na soko lote la Rodi Kopany likimtazama. Hakuwa amelewa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko goti. Mlevi akianguka ana la kujitetea. Yeye alikuwa Msabato wa miaka hamsini na tisa, fundi baiskeli, amebeba begani gurudumu la mchuuzi wa maziwa, na aliyemwangusha ni ubao mmoja uliooza ambao watu wa kaunti waliuandika kwenye vitabu vyao kama daraja.

Mtaro wenyewe ulichimbwa mwaka juzi. Siku ya kuuzindua walikuja waheshimiwa kwa magari tisa, wakakata utepe, wakala mbuzi, wakaahidi vifuniko vya saruji. Mbuzi alionekana. Vifuniko havijaonekana hadi leo.

"Umechimbwa kwa kodi, ukafunikwa kwa hotuba!" Mochama alipiga kelele kutoka chini, matope yakimfika kiunoni.

"Toka kwanza ndio utukane, mzee wetu, jaduong'," akamwambia mama mmoja wa dagaa wa omena, akimnyooshea mpini wa ufagio. "Hata serikali haisikii mtu akiwa shimoni."

"Haisikii hata akiwa juu."

Wakamvuta. Goti la kulia lilikataa kukanyaga. Kufika adhuhuri lilikuwa limevimba kama papai, na kwa ndani kulikuwa na kitu kinachoteleza huku na huku, mithili ya sabuni kwenye beseni.

Goti lingeweza kuharibika wiki nyingine yoyote na Mochama asingelia. Angekaa kwenye kigoda chake, azibe pancha, awalaani viongozi mmoja mmoja kuanzia chini kwenda juu kama alivyozoea, na siku zingeenda. Lakini Sabato iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Meza ya Bwana, na Wasabato hawaendi kwenye Meza hiyo hivi hivi. Kwanza wanaume wanaingia chumba chao na wanawake chao, wawili wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti, mwenzake anapiga magoti mbele yake na beseni la maji na taulo, anamwosha miguu. Halafu wanabadilishana. Ndipo wanakwenda kula mkate. Huduma hiyo huja kila robo ya mwaka, na Mochama alikuwa hajaionja kwa robo kumi na mbili.

Mwezi uliopita baraza la kanisa lilikaa, likatoa neno. Binti yake Bitutu alikuwa anaolewa na Sammy wa Oyugis, Jumapili ya wiki iliyofuata Sabato hiyo, pale pale kanisani Rodi. Baraza likasema: baba asiyeshiriki Meza ya Bwana hawezi kumtembeza bibi harusi ndani ya nyumba ya Bwana. Na kushiriki kwenyewe, ashiriki na ndugu aliyekosana naye. Akikataa, bibi harusi atatembezwa na mzee wa kanisa, Cephas Omosa.

Ndugu aliyekosana naye alikuwa nani? Ni huyo huyo Cephas Omosa. Na aliyeongoza baraza lililotoa hilo neno? Cephas Omosa. Mochama alikuwa ameishia darasa la tano, lakini hesabu hiyo aliijua.

Miaka mitatu nyuma, mkewe Kemuma alishikwa na tumbo siku ya Jumatatu mchana. Zahanati yao ilikuwa na gari moja la wagonjwa, jeupe, lenye picha ya mheshimiwa kwenye mlango kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Cephas alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati na ufunguo ulikaa kwake. Gari halikuwepo. Cephas akasema liko gereji. Kemuma akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na mumewe, na walipofika mwisho wa lami Mochama akahisi kichwa cha mkewe kimekuwa kizito begani mwake. Baadaye sokoni watu wakanong'ona kwamba gari halikuwa gereji yoyote. Lilikuwa limekwenda kubeba viti vya plastiki vya mkutano wa kisiasa. Mochama akamuuliza Cephas mbele ya watu. Cephas akashika Biblia yake kwapani, akasema, "Gari lilikuwa gereji, ndugu. Tumwachie Mungu." Tangu siku hiyo Mochama hakugombana na Mungu; alisema Mungu hana neno, tatizo ni wasimamizi aliowaajiri.

Sasa ilimbidi ampigie magoti msimamizi. Na goti hakuwa nalo.

Fundi haendi kwa fundi mwenzake kabla hajajaribu mwenyewe. Alhamisi hiyo jioni Mochama alichukua blada, ule ukanda wa mpira wa tyubu ambao watu wa pikipiki hufungia mizigo, akaanza kuzungusha goti. Akavuta kama anayefunga gunia la mkaa la kwenda Mbita. Akakaza fundo kwa meno. Akasimama, akatembea hatua sita, akajisifu. Asubuhi Bitutu alimkuta kitandani anauangalia mguu wake kwa mashaka. Vidole vilikuwa vimebadilika rangi, vimekuwa kama biringanya.

"Tata! Umefanya nini?"

"Nimefunga."

"Umefunga mguu ama umeunyonga?"

Hakungoja jibu. Alimpandisha kwenye pikipiki, akampeleka kwa Bhoke.

Bhoke alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, ameolewa na dereva wa lori anayeitwa Mwikwabe. Alikuwa na duka la dawa nyuma ya soko, lakini kabla ya hapo alikuwa amewafunga magoti wachezaji wa mpira kule Migori kwa miaka saba. Wachezaji walisema mikono yake ni mizuri na mdomo wake ni adhabu. Aliitazama ile blada, akachukua makasi.

"Nani amekufunga hivi, mzee? Adui?"

"Ni mimi."

"Basi ni adui." Akakata. Damu iliporudi kwenye vidole Mochama aliuma kofia yake. Bhoke akalibonyeza goti taratibu, kushoto, kulia, akalisukuma kidogo kwa mbele. "Hii ni kano. Imevutika, pengine imechanika kidogo. Uende hospitali upigwe picha."

"Picha nitapigwa harusini."

"Baba Bitutu, sikuchekeshi."

"Hata mimi sikuchekeshi. Kesho nataka kupiga goti, nimwoshe mtu miguu, niinuke, niende zangu. Nifunge hivyo."

Bhoke akamtazama Bitutu, akitaka kujua kama mzee ameanguka na kichwa pia. Bitutu akamweleza yote, la Meza, la baraza, la harusi. La mama yake hakulitaja, lakini Bhoke alikuwa anaishi Rodi, alilijua.

"Sisi kwetu watu wakikosana wanachinja kitu," alisema akitafuta plasta kwenye rafu. "Mnakula, mnaisha. Nyinyi mnaoshana miguu kwa beseni. Sasa sikiliza. Kuna kufunga kwa aina mbili. Aina ya kwanza, nakuwekea pamba, napitisha plasta pana pande zote mbili za goti, zinakutana msalaba juu na chini, halafu bandeji ya kuvutika kutoka kwenye ugoko hadi pajani. Mguu unakuwa nguzo. Utatembea. Hautakunja hata kidogo."

"Hiyo siitaki."

"Aina ya pili, naacha dirisha hapa kwenye kifuniko cha goti, plasta nazilegeza kwa nyuma. Utakunja. Mara moja, polepole, utashuka. Lakini kuinuka hakuna. Hiyo kano haina nguvu ya kukurudisha juu na plasta haitakubebea."

"Nifunge yote mawili."

"Mzee, hii ni plasta, si mganga. Chagua: kupiga goti ama kuinuka."

Mochama akaikung'uta kofia yake. "Viongozi wetu nao walipewa kuchagua hivi?"

"Wao hawapigi goti. Chagua."

"Ya kushuka," alisema. "Ya kuinuka nitaitafuta huko huko."

Bhoke alimfunga akimgombeza. Hata mchezaji wa miaka ishirini asingemruhusu kufanya hivyo, alisema, ila anaona mzee atapiga goti hata kwa mguu wa mbao. Akiona vidole vinakuwa baridi afungue mara moja. Akishuka, uzito wote auweke mguu wa kushoto. Na baada ya harusi, kama hakwenda kupigwa picha, yeye Bhoke atakuja na Mwikwabe na lori.

Sabato ikafika. Mchungaji alikuwa mgeni kutoka Homa Bay mjini, mtu wa saa, mara kwa mara anatazama mkono. Wanaume wakaingia darasa la watoto, wakakaa kwenye vile viti vidogo vidogo, magoti yakiwafika kidevuni. Shemasi akagawa mabeseni. Watu walipoona Mochama anachechemea kuelekea kwa Cephas, mazungumzo yalikufa. Kila mmoja ghafla akawa na kazi kubwa na kamba za viatu.

Cephas alikuwa mnene, mpole wa sura, soksi zake safi kama za maiti. Akazivua, akazikunja, akaweka miguu kwenye maji. "Karibu, ndugu Mochama," alisema kwa sauti ya mimbarini.

Mpango wa Mochama ulikuwa mfupi: ashuke, aoshe, akaushe, ashike meza ajivute juu, asiseme hata neno. Baraza lilisema aoshe, halikusema aongee. Akaegemea mguu wa kushoto, akashuka. Plasta zikalia kidogo, zikamwacha apite. Bhoke alikuwa fundi. Goti likagusa sakafu, maumivu yakapanda hadi kwenye masikio, yakatulia.

Akaosha mguu wa kushoto. Akaosha wa kulia. Ilikuwa miguu laini, haijawahi kukanyaga kokoto kwa lazima. Akaikausha upesi upesi. Kisha akajaribu kuinuka, na hakuna kitu kilichotokea.

Akajaribu tena. Goti lilikuwa limekwama kama mnyororo ulioruka meno. Meza aliyokuwa ameipangia kuishika ilikuwa imesogezwa na shemasi ili kupisha mabeseni. Mbele yake hakukuwa na kitu cha kushika isipokuwa vifundo vya miguu ya Cephas, na akavishika, la sivyo angeanguka kifudifudi ndani ya maji. Jasho likamtoka. Kuomba msaada kwa mtu huyu? Afadhali azeekee hapo. Akainamisha kichwa, akashika kwa nguvu zaidi, akangoja mguu ujirudi.

Cephas akangoja pia. Akatabasamu. Akavuta mguu kidogo, Mochama akaukaza. Tabasamu likapungua. Wanaume wengine walikuwa wamemaliza, wanatoka mmoja mmoja kwa shingo zilizogeuka nyuma, wakipishana mlangoni bila haraka ya kutoka. Kanisani kwaya ikaanza wimbo wa kungojea.

"Ndugu," Cephas alinong'ona, "imetosha."

Mochama kimya. Alikuwa anahesabu maumivu.

"Mkate unangoja," shemasi alisema kutoka mlangoni. "Mchungaji anauliza."

Kimya. Mikono ya fundi baiskeli, iliyokaza nati kwa miaka arobaini, ilikuwa imefunga miguu ya mzee wa kanisa kama kidude cha kukamatia gurudumu. Cephas aliangalia kile kichwa chenye mvi kilichoinama mbele yake, hakisemi, hakiinuki, kisha akatazama mlangoni.

"Mochama, si mahali pake hapa."

Kimya.

"Watu wanatusikia."

Hakuna.

"Sawa!" Cephas akasema, sauti ya mimbarini imemtoka kabisa, imebaki ya mtu wa kawaida. "Sawa. Nitasema. Halikuwa gereji."

Mochama akaacha kuhesabu.

"Nilipigiwa simu asubuhi. Wakaniambia ni saa moja tu, linabeba viti linarudi. Mtu wa mheshimiwa, ningemwambia nini? Mimi ndiye niliyetoa ufunguo. Mkono wangu huu. Halafu ulipokuja nikaona nikisema ukweli nitaonekana muuaji, nikasema gereji. Na ukishasema gereji mara moja..." Akafuta uso kwa soksi. "Viti vilikuwa mia mbili."

Shemasi mlangoni alishusha beseni alilolibeba, polepole, kana kwamba lina mtoto amelala ndani.

Kwa miaka mitatu Mochama alikuwa amepanga matusi ya siku hii. Aliyapanga akiziba pancha, akayanoa, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kikisii, moja zuri sana kwa Kijaluo alilofundishwa na muuza miwa. Alipoyatafuta sasa hakuyapata. Lililokuja ni swali dogo tu.

"Vilikaliwa?"

"Nini?"

"Hivyo viti. Watu walikalia?"

Cephas akaikunja soksi aliyojifutia. "Mvua ilinyesha," alisema. "Mkutano haukufanyika."

Mochama akatikisa kichwa, mara mbili, tatu, kama mteja aliyetajiwa bei ya kipuri. Nje kwaya ilikuwa imerudia ubeti wa kwanza.

"Niinue," alisema.

"Umenisamehe?"

"Nimesema niinue. Nimekwama."

"Umekwama?"

"Goti limekataa. Tangu nilipomaliza kidole gumba cha pili."

Cephas akamtazama, mdomo wazi. Rangi ikaja, ikaenda. "Yaani hukuwa unaningoja niseme?"

"Nilikuwa nangoja mguu."

"Mungu wangu," alisema mzee wa kanisa, kwa moyo wake wote. "Ningenyamaza!"

Shemasi akageukia ukuta, mabega yakimcheza. Hata Mochama kitu kilimpanda kifuani, na kama angekuwa amesimama pengine kingetoka kicheko, au kingetoka kingine. Wakamwinua watu wawili, Cephas kwapa moja na shemasi kwapa la pili, wakamkalisha kwenye kiti cha watoto, mguu umenyooka mbele. Kisha Cephas naye akashuka, akamwosha. Aliosha muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha, isipokuwa mchungaji, aliyetuma mtu mara mbili.

Kanisani Cephas alisimama akatangaza kwamba ndugu wawili wamepatana, Bwana asifiwe. La ufunguo hakulitaja. La viti hakulitaja. Mochama alikula mkate wake, akanywa maji yake ya zabibu, na Jumapili asubuhi akalitangaza mwenyewe sokoni, kibanda kwa kibanda, kuanzia kwa akina mama wa omena hadi stendi. Msije mkafikiri kulitokea jambo. Kamati ya zahanati ilikaa, ikampongeza mwenyekiti kwa roho ya upatanisho, ikanywa soda. Mheshimiwa yule sasa anagombea kiti kikubwa zaidi. Wenye nchi hawaoshi miguu, wanaoshwa.

Lakini Bitutu aliambiwa kabla ya soko. Mochama alimwambia Sabato hiyo hiyo, wameketi uani, amenyoosha mguu juu ya kigoda cha kazi. Alimwambia yote, hadi mvua. Bitutu alichezea ncha ya bandeji.

"Kwa hiyo ungemwachia anitembeze," alisema, "ningekwenda kwa mume wangu nimeshika ule mkono uliotoa ufunguo."

"Ndiyo maana nilishuka."

"Ulishuka hujui."

"Nilikuwa najua. Nilikuwa sijaambiwa."

Siku nane baadaye Bhoke alikuja nyumbani mapema na mfuko wake, akamfunga Mochama aina ya kwanza, ile ya nguzo. Alimfunga akiimba, akampiga paja, akasema hilo goti sasa hata lori la Mwikwabe lisingelikunja. Suruali ya suti ilikataa kupita juu ya bandeji. Bitutu, amevaa tayari shela, akachukua wembe akaipasua mshono hadi pajani, akaifunga kwa pini tatu.

Kutoka mlango wa kanisa hadi mbele ni hatua thelathini za mtu mzima. Wao walitembea kama mia. Kila hatua Mochama alizungusha mguu nje, akaushusha, akauvuta mwingine, na Bitutu akangoja, kichwa juu, mkono wake umeingia kwenye kiwiko cha baba yake kama kabari. Kwaya ilimaliza wimbo ilioufanyia mazoezi, ikatazamana, ikaanza mwingine. Mtoto akauliza kwa sauti kama yule mzee ni roboti. Walipofika usawa wa kiti cha mbele, alipokaa Cephas na suti yake ya kijivu, Bitutu akasimama. Alimtazama tu, hadi Cephas akaanza kusoma ratiba ya ibada, akaigeuza, akaisoma upande usioandikwa. Kisha wakaendelea.

Mchungaji, yule yule wa Homa Bay, aliangalia saa. "Ni nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe?"

"Ni mimi," Mochama alisema, na sauti ikafika hadi kwa wapishi nje. "Mimi na mama yake Kemuma, ambaye angekuwa hapa."

"Asante, mzee. Unaweza kukaa."

"Siwezi. Mguu haukunji."

Mchungaji akatazama huku na huku, akitafuta utaratibu, na utaratibu haukuwepo. Basi akafungisha ndoa hivyo hivyo, Sammy upande huu, Bitutu katikati, na yule mzee amesimama wima kando ya binti yake mahubiri yote, viapo vyote, pete zote mbili, hakuna aliyethubutu kumwondoa.